Bolti Mbili za Baba

Pikipiki ya baba ilikohoa kama mtu mwenye kifua cha miaka, na kikohozi chenyewe kilitoka pale bomba la moshi linaposhikana na injini. Kila mara Spana alipoiwasha ilipasuka paa, paa, paa, kuku wa jirani wakatimua mbio na watoto wa njiani wakaziba masikio. Gasketi ilikuwa imeungua. Gasketi yenyewe si kitu, ni kipete cha bati kinachotosha kuwa bangili ya kitoto kichanga, na mpya alikuwa nayo mfukoni. Kazi ilikuwa kuifikia ile ya zamani. Ili uifikie, bomba litoke. Ili bomba litoke, zifunguke bolti mbili zilizoganda kwenye mdomo wa injini, zikila moto na kunywa matope msimu baada ya msimu, mpaka vichwa vyake vimevimba kutu na kupoteza pembe.

Spana ni jina la uani. Alipokuwa mdogo alikataa kulala na mwanasesere, akalala na spana ya baba yake kifuani, na tangu hapo jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti. Vyeti navyo vilikuwa vya kujivunia: alikuwa na stashahada ya ufundi magari, na kampuni moja ya mabasi katika mji mwingine ilikuwa imemwambia aripoti Jumatatu. Angekwenda kwa pikipiki hii. Kesho asubuhi pikapu ingekuja kumchukua baba impeleke kwa kaka, kwenye chumba cha nyuma kilichokwisha kupakwa rangi. Yeye angefunga nyumba, aipige pikipiki teke, aondoke. Kila kitu kilikuwa kimepangwa. Zilibaki hizo bolti.

"Hizo hazitoki," kaka yake alisema. Alikuwa ameketi juu ya tairi bovu, suruali ya ofisini ameikunja hadi magotini kama mtu anayevuka mto. Alikuwa karani wa bima, na viganja vyake vilikuwa laini kuliko vya mdogo wake, jambo ambalo Spana hakuchoka kumkumbusha.

"Umejuaje? Umeziuliza?"

"Nimeziangalia usoni. Zina uso wa mtu aliyekula kiapo."

"Nimezinywesha mafuta tangu jana. Ya breki nimechanganya na ya taa. Sasa nazipiga moto, halafu tuone kiapo hicho kina nguvu gani."

"Na ikikatika?"

"Haikatiki mikononi mwangu. Wewe kazi yako ni kushika tochi na kunyamaza. Ukiweza kufanya yote mawili kwa pamoja, nitakupa cheti."

Nyuma yao, chini ya ukingo wa paa la karakana, baba yao alikaa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Karakana ilikuwa yake: banda la mabati, benchi lenye jiliwa la kubania vyuma, mashine ya kuchomelea, na mashine kubwa ya kukereza iliyofunikwa turubai. Ungempelekea kipande cha chuma na maelezo ya mdomo, ukarudi jioni kuchukua ekseli. Kiharusi kilimwangusha akiwa amesimama mbele ya mashine hiyo, chuma kikizunguka, akaanguka chali na mashine ikaendelea na kazi peke yake. Upande wa kulia ulikufa. Ulimi ukafa. Kilichobaki hai kwa nje ni mkono wa kushoto na macho, na macho nayo yalimwaga machozi hata bila kilio, kwa hiyo hakuna aliyeyaamini.

Daktari alikuwa amesema kwamba kilichobaki ndani ya kichwa hakuna wa kukijua kwa sasa, na kwamba waendelee kuzungumza na mgonjwa. Maneno hayo aliyapokea kaka, na hadi anafika nyumbani nusu yake ilikuwa imedondoka njiani. "Hajui kitu tena," aliwaambia watu. Nyumba nzima ikashika hapo.

Spana akawasha tochi ya gesi. Mwali wa buluu ukaulamba mdomo wa injini, mafuta yakatoa moshi, harufu ikawa ya kitu kinachotubu. Alipasha moto, akazima, akagonga kichwa cha bolti ya kulia kwa nyundo ndogo, ko, ko, ko, kwa subira, jinsi alivyofundishwa akiwa amesimama juu ya kreti ili afikie benchi. Kutu haipigwi kwa hasira, inabembelezwa mpaka iache. Kisha akavisha spana ringi, akachomeka bomba refu kwenye mpini ili apate mkono mrefu, akavuta kuelekea kushoto, kama dunia nzima inavyofungua bolti.

Haikutikisika.

"Mmm," baba akasema.

"Anaimba," kaka alisema.

"Hapendi harufu ya moshi. Mfute mdomo."

Kaka akainuka kwa uvivu, akachukua kitambaa begani kwa mzee, akamfuta, akarudi. "Dereva wa pikapu amesema atakuja mapema. Umeshafungasha nguo zake?"

"Ziko kwenye begi. Shuka za mpira nimeweka juu, maana utazihitaji njiani. Na mwambie shemeji asimpe maji mengi jioni, la sivyo atafua mpaka achanike vidole."

"Shemeji yako ameshaanza kununa kabla mzigo haujafika."

"Anune. Mimi nimefua vya kutosha."

Alisema hayo akipasha moto tena. Kando yao mkono wa kushoto wa baba ukainuka kutoka kwenye blanketi. Ulipanda taratibu hadi usawa wa kifua, ukapinda kifundo, ukageuka kuelekea kulia. Ukarudi. Ukageuka tena, kulia, kama mtu anayekaza kifuniko cha chupa.

"Mwone mzee," kaka akasema. "Anatupa maelekezo."

Spana akageuka. "Anasemaje?"

"Anasema kaza. Sisi tunafungua, yeye anasema kaza." Kaka akacheka, lakini kicheko kilikatika katikati. "Fundi aliyekuwa anakereza ekseli kwa macho, leo hajui kufungua na kukaza. Ndiyo maana nasema, Spana, tusidanganyane. Yule tuliyemjua hayupo."

"Mimi nilimzika siku ile ile alipoanguka," Spana alisema. Alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na uchovu ukisema unasema wazi. "Huyu ninayemlisha na kumgeuza simjui. Ni kama kulinda nyumba ya mtu aliyehama. Wakati mwingine usiku namsikia anapumua, namwambia Mungu, sasa tunasubiri nini?"

Baba akasema "Mmm" tena, kwa nguvu zaidi, kisha "Mmmh", na mkono ukapiga egemeo la kiti, pa, pa, ukainuka, ukageuka kulia, kulia, kulia. Kiti chenyewe kilianza kutikisika. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Kelele za chuma zinamvuruga," Spana akasema. Akaweka spana chini, akaenda, akafungua breki ya kiti na kukigeuza, uso wa baba ukatazama ukuta wa mabati. Alifanya bila ubaya, kama unavyogeuza kichwa cha mtoto asiangalie jua. "Haya, tulia hapo. Tunamaliza sasa hivi."

Akarudi kwenye bolti. Akavuta bila kitu kusogea, akaongeza moto, akavuta tena. Kaka akaacha tochi akaja kushika mpini pamoja naye, mguu mmoja kwenye tairi la pikipiki, tai yake ikining'inia karibu na mafuta. "Ngoja, pumzi," akasema. "Moja, mbili, vuta."

Bolti ikazunguka.

Kwa muda mfupi sana Spana alifurahi. Mkono wake ulipokea ile hali ya kulegea ambayo kila fundi huisubiri. Halafu akasikia kwamba imelegea kupita kiasi, laini, kama jino la maziwa. Tak. Ile spana ikatoka na kichwa cha bolti ndani yake. Kaka akaanguka kitako.

Kaka alijipangusa, akaangalia kipande kile, akaangalia uso wa mdogo wake, kwa mara ya kwanza mchana huo akakosa mzaha.

"Imekatika," Spana akasema, kama anamwambia mtu asiye na macho.

"Inatengenezeka?"

"Kila kitu kinatengenezeka." Ndani alikuwa akihesabu hatua: kutoa ya pili kwanza, kulivua bomba, kisha kukichomelea nati kile kisiki kilichobaki ili kipate kichwa kipya. Halafu atahitaji bolti mpya ya kuweka pale. Akakichukua kile kipande kilichokatika akaenda nacho kwenye benchi, kwenye kopo la bolti, kutafuta pacha wake.

Alikifuta masizi kwa kitambaa kilicholowa mafuta. Chini ya kichwa kilikuwa kimebaki na kipande kifupi cha meno, kizima, safi, kazi ya mashine nzuri. Akachagua nati ya ukubwa ule ule, akaijaribisha. Haikuingia. Akachagua nyingine, mpya kabisa, bado ina grisi ya dukani. Ikagoma pale pale mlangoni. Akadhani meno yameumia wakati wa kukatika, akasogea kwenye mwanga, akafunga jicho moja.

Meno yalikuwa mazima. Yalikuwa yameinamia upande usio wake.

Akachukua bolti ya kawaida kutoka kwenye kopo akaziweka sambamba mbele ya jicho. Zilikuwa kama ngazi mbili, hii inapanda kuelekea huku, ile inapanda kuelekea kule. Akageuza kipande, akageuza tena, akitumaini kwamba amekishika vibaya. Bolti haina kushikwa vibaya. Uigeuze juu chini, meno yanabaki yalivyokatwa.

Hii ilikuwa imekatwa kwa kushoto. Ukiivuta kushoto inakaza. Ukitaka itoke, uigeuze kulia.

Ndipo akakumbuka simu. Alipokuwa chuoni, wezi waliingia uani wakafungua bomba la pikipiki hii wakaondoka nalo, na baba alipopiga simu kusimulia alikuwa anacheka, anasema safari hii amewawekea dawa, ametoboa na kukereza upya, atakayekuja kulifungua atavuta mpaka mishipa imtoke. Yeye alikuwa anakimbilia mtihani. Hakuuliza ni dawa gani.

Akakiweka kile kipande juu ya benchi polepole sana, kana kwamba kingeweza kulipuka. Hakuwa anafikiria bolti tena. Aligeuza kichwa.

Aliuona mgongo wa baba yake. Aliona kisogo, nywele nyeupe ambazo alikuwa amezinyoa yeye mwenyewe bila ustadi, kola ya shati iliyopinduka. Na pembeni ya kiti, kuelekea ukuta wa mabati ambako hakukuwa na mtu wa kuuona, mkono wa kushoto ulikuwa bado umeinuliwa. Unatetemeka. Unageuka kulia.

"Kaka," akasema.

"Nini?"

"Njoo uone meno ya hii bolti."

"Mimi na meno ya bolti wapi na wapi?"

"Njoo."

Kaka akaja. Spana akamwekea kila moja kwenye kiganja chake laini na kumwonyesha kwa ncha ya msumari, huku na huku. Alieleza kwa maneno machache, sauti ya chini. Kaka alisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayedai fidia, uso umefungwa. Kisha akaelewa. Spana aliona kabisa wakati alipoelewa, maana macho yake yaliacha bolti yakaenda kwenye kiti, yakabaki huko.

"Alikuwa anasema kulia," kaka akasema.

"Tangu mwanzo."

"Labda ni mkono tu. Mkono unacheza wenyewe. Wagonjwa wa kiharusi..." Akaacha. Hata yeye hakuliamini neno lake.

Spana alitembea hadi kwenye kiti. Akafungua breki, akakigeuza kiti kutoka ukutani, akakisukuma hadi mbele kabisa ya pikipiki, karibu kiasi kwamba baba angeweza kuigusa. Akachuchumaa. Bolti ya kushoto ilikuwa bado haijaguswa ila kwa mafuta na moto. Akaivisha spana.

"Baba," akasema. Neno lilimtoka geni. Alikuwa ameshazoea kumwambia haya, na twende, na geuka. "Baba, nivute huku?" Akaisogeza spana kidogo kuelekea kushoto.

Macho ya baba yakafumbwa kwa nguvu, kama ya mtu anayeona mtoto anaelekea kwenye shimo.

"Au huku?"

Macho yakafumbuka. Mkono ukainuka, ukageuka kulia, ukashuka ukapumzika kwenye blanketi. Ulikuwa umemaliza kazi yake.

Spana akavuta kulia. Kila alichofundishwa mkononi kilimkataza. Mkono wenyewe uliona aibu. Bolti ikanguruma ndani ya chuma, ikalia kwi kama mlango wa stoo, ikasogea. Akaipa mafuta, akairudisha kidogo, akavuta tena. Ikaja. Ikaja nzima, ndefu, nyeusi, mvuke ukitoka kwenye meno yake, na aliposimama ameishika kwa kitambaa hakujua aiweke wapi.

Kaka alikuwa ameegemea nguzo ya banda. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Muulize kitu kingine," akasema.

"Muulize wewe. Si yuko hapa?"

Kaka hakuweza. Alionekana kama mtu aliyefumaniwa na mwenye nyumba sebuleni, viatu miguuni, mkono umo kabatini. Na Spana alijua anachokiona ndugu yake kichwani, kwa sababu yeye pia alikuwa anakiona. Ile siku walipogombana kuhusu mahali pa kumzika, kando ya mama au kwenye ardhi ya ukoo, wakapandishiana sauti, na kati yao mezani baba yuko hapo na kijiko cha chakula kimesimamishwa mdomoni. Ile siku kaka alipomleta mtu kuipima mashine ya kukereza, wakafunua turubai, wakaisifia, wakamwomba mzee kwa utani apishe njia. Wageni waliosema afadhali angepumzika, maskini. Mlango wa bafuni uliokuwa ukiachwa wazi kwa sababu, nani anaona haya? Nyimbo za watoto alizomwimbia akimsugua mgongo, yeye fundi mkuu wa mtaa mzima, na majirani wakachungulia kwa kucheka.

Na ya leo. Hata mdomo wa injini haujapoa. Mimi nilimzika.

Kila neno lilikuwa limeingia. Hakuna hata moja lililogonga ukuta likarudi. Lilikuwa linaingia na kukuta mtu mzima ameketi ndani, ana akili zake, hana mlango wa kutokea.

Alipiga magoti. Alitaka kuukamata ule mkono wa kushoto, akaukamata. Ulikuwa wa moto, kiganja kigumu bado, sugu za kazi hazijamtoka.

"Baba, ulisikia niliyosema? Sasa hivi, nikiwa pale?"

Baba alimtazama. Machozi yalikuwa yanateremka kama siku zote, lakini nyuma yake macho yalikuwa makavu, na yalimtazama sawasawa, bila haraka, jinsi alivyokuwa akimtazama akiwa mtoto aliyeharibu kipande cha kazi na kukificha chini ya benchi. Kisha akautoa mkono wake kwenye mikono yake. Aliutoa taratibu, kidole baada ya kidole, akauweka juu ya paja lake mwenyewe, akatazama kando.

Spana akabaki na mikono mitupu hewani. Uso ulimwaka. Alikuwa amejiandaa kwa lolote, kwa kilio, kwa kukumbatiwa kama kwenye hadithi, ila hakujiandaa kwa hili: baba yake alikuwa amemkasirikia. Na ndani ya ule mshtuko kulikuwa na mshtuko mwingine mdogo zaidi. Mzigo haukasiriki. Nyumba ya mtu aliyehama haikasiriki.

"Ni haki yako," alimwambia. "Usinisamehe leo. Mimi mwenyewe nisingenisamehe."

Nyuma yake kaka alitoa simu. Akapiga, akajitenga hatua chache kuelekea getini. "Ndiyo, mimi. Kesho usije." Akasikiliza. "Hapana, hajafa. Nani kasema amekufa? Nakwambia usije tu." Akakata. Akabaki kule kule getini amewapa mgongo, mkono umeshika chuma cha geti, na mabega yake mapana ya ofisini yakawa yanapanda na kushuka.

Spana aliinuka. Hakujua la kufanya na mwili wake, na mtu wa kazi asipojua la kufanya hurudi kwenye kazi. Alilivua bomba, likatoka kwa urahisi wa kukera. Gasketi iliyoungua ikabomoka mikononi kama mkate mkavu. Kwenye mdomo wa injini kisiki cha bolti iliyokatika kilichomoza kidogo tu, ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Akachukua nati akakivisha juu. Kabla hajavuta waya za mashine ya kuchomelea alisita, akageuka.

"Nati hii inatosha, au nitafute kubwa zaidi?"

Alidhani hatajibiwa. Baba alikuwa bado anatazama kando, kwenye rafu ya makopo. Halafu macho yakarudi, bila furaha, yakaangalia nati, yakaangalia kisiki. Fundi ni fundi, hata akinuna. Kidole kimoja kikainuka kutoka kwenye paja na kuonyesha rafu.

"Kubwa zaidi," Spana akasema.

Kidole kikashuka.

Alitafuta kubwa, akamwonyesha moja, akamwonyesha nyingine, mpaka kidole kikatulia. Akamfunika baba macho kwa kofia ya jua ili mwanga wa kuchomelea usimuumize, akajivisha miwani, akajaza chuma cha moto katikati ya nati hadi kikashikana na kisiki. Alipoivua ile kofia usoni mwa mzee alifanya kwa adabu, kama anayemvua mgeni koti. Akachukua spana. Nati ilikuwa nyekundu bado. Mkono wa baba ukafunguka, kiganja kikamtazama: ngoja. Akangoja. Wekundu ukafa ukawa wa zambarau, wa zambarau ukawa wa kijivu. Kiganja kikajifunga.

Akavuta kulia. Kisiki kikatoka bila ugomvi wowote.

Hakushangilia. Alikitia majini kikapoa, akakiweka kwenye egemeo la kiti, mahali ambapo baba angeweza kukiona, akakaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye tairi la pikipiki.

"Jumatatu nilikuwa niende kazini, mji wa pili," alimwambia. "Najua unajua, tulikuwa tunalizungumza mbele yako kama redio. Lakini sijawahi kukwambia wewe. Sasa nakwambia. Kaka naye alikuwa akupeleke kwake. Hilo pia nakwambia. Sijui itakuwaje. Nitaenda, nitabaki, utaenda kwake, hutaenda, sijui. Ila hatulisemi tena juu ya kichwa chako. Tutalileta kwako hapa, na kama itachukua mwezi mzima kukuelewa, itachukua mwezi."

Baba alikuwa anaangalia kile kisiki. Kidole chake cha shahada kilikisogeza kidogo, kikahisi meno, kikaendelea kuhisi.

Hatua za kaka zilirudi kutoka getini. Alikuwa amefuta uso lakini hakuufuta vizuri. Alipita karibu na Spana bila kumwangalia, akaenda hadi mbele ya kiti, akachuchumaa, suruali ya ofisini ikaingia kwenye dimbwi la mafuta na wala haikumhusu. Alishika magoti yake kwa mikono miwili, kama mtoto aliyeitwa mbele ya wakubwa.

"Shikamoo, baba," akasema.

Spana alishtuka mpaka akainua kichwa. Alijaribu kukumbuka ni lini neno hilo lilisikika mara ya mwisho chini ya paa lile, na hakupata. Watu walikuwa wakiingia uani wakisalimiana juu ya kichwa cha mzee kama wanavyosalimiana juu ya uzio. Yeye mwenyewe kila asubuhi alifungua dirisha, akavuta blanketi, akaanza kazi. Mtu mzima, baba wa watu, alikuwa ameamka kila siku tangu aanguke bila mtoto yeyote kumwamkia.

"Shikamoo, baba," akasema naye, kutoka pale vumbini.

Baba akawatazama, huyu kisha huyu. Midomo yake ikaanza kutafuta. Upande wa kushoto ulikwenda, wa kulia ukaburuzwa nyuma yake. Ikakutana, ikaachana. Ikatoka pumzi tupu. Kaka akafungua mdomo amsaidie, na Spana akaunyosha mkono akamshika begani, akamkatalia kwa kichwa.

"Mmm," baba akasema. Akavuta hewa. Mishipa ya shingo ikasimama. "Mmma..."

Wakabaki mbele yake, hakuna aliyemmalizia neno lake, wakisubiri.